Mtoto Ameshiba, Mbona Haongezeki?

Ndugu msomaji, pita siku ya jua katika mwalo wa Igombe au wa Kayenze, hapa kwetu Ilemela. Utawaona dagaa wameanikwa, na akina mama wakiwageuza. Wengi hutiwa magunia, wakapelekwa Kirumba, na toka hapo husafirishwa mbali. Tena si haba wanaoishia kuwa chakula cha kuku. Lakini ingia nyumbani kwa mvuvi huyo huyo. Waweza kumkuta mtoto wa miaka miwili akinywa uji mtupu wa muhogo asubuhi, na jioni akila ugali wa udaga kwa mchuzi mwembamba. Tumbo limejaa, lakini mtoto haongezeki.

Hapo maneno huwa mengi. Huyu asema mtoto amebemendwa, yule asema amerogwa. Mke na mume hugombana bure. Hebu leo tuache maneno hayo, tuutazame mwili wenyewe unavyofanya kazi.

Mwili hujengwa kwa protini: nyama ya mkono, ngozi, nywele, hata maji ya damu yana protini zake. Ndani ya seli wamo mafundi wa kuzijenga, nao huitwa ribosomu. Fundi hajengi kwa kubahatisha. Huletewa barua ya maagizo, ambayo wataalamu huiita RNA mjumbe. Kichwani pa barua hiyo pana alama iitwayo kofia.

Sasa angalia kazi inavyoanza. Yupo mpokeaji wa barua, naye ni protini iitwayo eIF4E. Tuseme ana mikono miwili. Kwa mkono mmoja huishika kofia ya barua. Kwa mkono wa pili hushikana na mwenzake mkubwa, eIF4G, ambaye ndiye awaletaye mafundi. Mikono ikishikana, ujenzi huanza.

Lakini yupo na mzuiaji. Ni protini ndogo iitwayo 4E-BP1. Mwaka 1994 watafiti wa Montreal, Kanada, na wa St. Louis, Marekani, walieleza kazi yake. Mzuiaji huyu haichani barua, wala hamfukuzi fundi. Yeye huja tu akaushika ule mkono wa pili wa mpokeaji, mahali pale pale ambapo mwenzake angeshika. Basi barua ipo, mafundi wapo, lakini hawakutani. Ujenzi mwingi hupungua kabla haujaanza.

Ni nani amwondoaye? Ni chakula. Tukila protini, tumbo huzivunja zikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ndiyo matofali ya ujenzi. Asidi amino moja, lusini, pamoja na insulini ya mwili, huiamsha protini nyingine iitwayo mTOR. Hiyo humbandika mzuiaji fosfati, moja baada ya nyingine, hata akalegea na kuuachia mkono. Huko Houston, Marekani, watafiti waliwapima watoto wa nguruwe walioshinda njaa usiku kucha, kisha wakanyweshwa maziwa. Haikupita hata saa mbili, mzuiaji akawa amelegea na nyama za mwili zikawa zinajengwa kwa kasi.

Usimchukie mzuiaji huyo, msomaji. Yeye ni kama msimamizi mwenye busara asemaye, “Matofali hayapo, tusimalize akiba.” Mwaka 2005 ilionekana kwamba nzi wadogo wa matunda waliokosa protini ya namna hiyo walikufa upesi zaidi walipofungiwa chakula. Basi kosa si la msimamizi. Kosa ni kwamba matofali hayaletwi, siku baada ya siku.

Matokeo yake si mageni kwetu. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa wa watoto wa Ghana, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast. Miaka miwili baadaye akautaja kwa jina lake la Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyepishwa na mdogo wake. Sisi huuita kwashakoo au unyafuzi. Ng'ambo ya ziwa letu, katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari Trowell, Davies na Dean waliuchunguza sana, wakatoa kitabu mwaka 1954. Mtoto huvimba miguu, nywele hubadilika rangi, na protini ya damu iitwayo albumini hupungua. Siku hizi madaktari wanajua kwamba upungufu wa protini si chanzo pekee. Kuharisha na magonjwa mengine ya kuambukiza nayo yamo.

Basi tufanyeje? Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini hazifiki hata gramu 3. Katika dagaa waliokauka vizuri, hupita nusu ya uzito wao. Maharage nayo ni kama moja ya tano. Kwa hiyo, baba, kabla hujafunga gunia, toa kibaba kimoja kibaki nyumbani. Mama, watwange dagaa safi wasio na mchanga, uwe unga laini, utie kijiko katika uji kila siku. Si lazima wawe wengi kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mtoto akiwa amevimba miguu au amekonda sana, usimshindilie samaki na nyama nyumbani. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Huko huanzishwa kwa maziwa mepesi maalumu, kidogo kidogo, kwa maana mwili uliodhoofika hauwezi kubeba mzigo mzito ghafula.

Ziwa limetupa matofali. Tusiyapakie yote garini, huku nyumba ya mtoto wetu imesimama nusu.