Kusoma, Kusomea na Kisomo: Manufaa ya Kiroho ya Uradi wa Sura za Kurani katika Lugha ya Waislamu wa Shume

Makala haya yanachunguza manufaa ya kiroho yanayonasibishwa na usomaji wa kudumu wa sura za Kurani, kwa kuyatazama kupitia msamiati wa Waislamu wa Shume, wilayani Lushoto. Swali la iwapo kusoma pasipo kuelewa kuna faida huzuka kila mara misikitini na hata katika semina zetu za uzamili. Tunadai kwamba swali hilo limeulizwa vibaya, kwa kuwa kitenzi kusoma kina maana zaidi ya moja na kila mbishani ameshika yake.

Shume iko juu milimani, kandokando ya msitu wa Magamba. Mtoto wa Kiislamu hapa hukua na lugha tatu: Kishambaa au Kimbugu nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiarabu cha msahafu chuoni. Uislamu ulipanda Usambara katika karne ya 19 kwa kufuata biashara ya bonde la Pangani, na Mazinde ya Semboja, chini ya milima, ilikuwa mojawapo ya milango yake. Kwa hiyo istilahi za ibada zilipofika huku zilikuwa zimekwisha kupita vinywani mwa Waswahili wa pwani, na tunapoziparura kidogo tunaona namna watu walivyolifahamu tendo lenyewe.

Tuanze na uradi. Neno la Kiarabu wird hutokana na mzizi wenye maana ya kufika majini kunywa. Wird ni ile zamu ya kufika kisimani. Kiswahili kililipokea kwa namna inayompendeza mwanamofolojia: w ya mwanzo ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama ilivyo katika wimbo, na wingi ukawa nyiradi. Wakati na nyakati ni jozi ya aina hiyohiyo, nayo pia ina asili ya Kiarabu. Kwa vyovyote vile, maana ya zamu haikupotea. Mtu "ana uradi wake": Yasini baada ya alfajiri, Tabaraka kabla ya kulala, Kahf siku ya Ijumaa. Kinachosifiwa ni kutouacha, hata ukiwa mfupi. Manufaa ya kwanza, basi, yako katika mpangilio wa wakati. Mkulima wa kabichi na viazi, ambaye siku yake huamuliwa na mvua na bei ya sokoni, anakuwa na saa moja isiyoamuliwa na chochote kati ya hivyo. Wasomaji wenyewe husema kwamba moyo "hutua", na kauli hiyo inalingana na aya ya 28 ya sura Ar-Ra'd, inayounganisha utulivu wa nyoyo na kumkumbuka Mungu.

Majina ya sura nayo yana ushahidi wake. Katika mazungumzo ya kila siku sura huitwa kwa sauti yake ya kwanza: Al-Mulk ni Tabaraka, Al-Ikhlas ni Kulhuwallahu, Al-Fil ni Alamtara, na juzuu ya 30 nzima ni Amma. Majina ya vitabuni mara nyingi hutaja mada, na Ikhlas ni neno lisilopatikana hata ndani ya sura yenyewe. Majina ya vinywani hutaja tamko. Jamii inayoita sura kwa tamko lake imekwisha kutuambia kwamba kwake sura ni kitu kinachotamkwa na kusikika kabla ya kuwa maelezo yanayofasiriwa. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa chuo inapopata uzito. Sikio la Kiswahili halitofautishi q na k. Kwa hiyo qalb (moyo) na kalb (mbwa) huangukia mahali pamoja. Tena mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho huirefusha irabu hiyo hata pale ambapo Kiarabu kinaitaka fupi. Kusoma kwa tartili, kama inavyoamrishwa katika aya ya 4 ya sura Al-Muzzammil, humlazimu msomaji kuyaacha mazoea ya ulimi wake, herufi kwa herufi, pumzi kwa pumzi. Sioni kwa nini nidhamu hiyo isihesabiwe kuwa ya kiroho eti kwa sababu inaanzia kooni.

Suala gumu zaidi ni kusomea. Kauli ya kutendea, ambayo Kishambaa nacho kinayo, hubeba mahusiano mengi: mtu husomea nyumbani (mahali), husomea ualimu (lengo), humsomea mgonjwa (mbele yake, au kwa ajili yake), na humsomea maiti. Mgogoro kuhusu hitima umejificha humo. Wanaoipinga hukataa kwamba thawabu za msomaji zinaweza kuhamishiwa marehemu. Wanaoitetea hutegemea dua inayofuata kisomo. Lakini kwa wengi wanaokaa mkekani, -somea ina maana ya tatu, ya kuwa pamoja na waliofiwa kwa njia ya Kurani, na maana hiyo haikanushwi kwa kuikanusha ya kwanza. Mwenye hoja dhidi ya hitima anapaswa kusema ni -somea ipi anayoikataa.

Kisomo nalo ni neno la kutazamwa. Katika miaka ya 1970, baada ya 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Tanzania ilieneza "kisomo chenye manufaa", na manufaa yaliyokusudiwa yalikuwa ya uelewa na uzalishaji. Nashuku kwamba dharau ya leo kwa bibi asomaye Yasini bila tafsiri imerithi kipimo hicho cha darasani kuliko kipimo cha wanazuoni. Ghazali, katika kitabu cha adabu za kusoma Kurani ndani ya Ihya, aliweka adabu 10 za nje na 10 za ndani, na hakuzifuta za kwanza kwa ajili ya za pili.

Hata hivyo, za ndani zipo. Kurani yenyewe inawalaumu wasioizingatia (sura Muhammad, aya ya 24), na kwa msomaji wa Kiswahili udhuru umepungua: tafsiri ya Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka kamili mwaka 1969, ikiwa na Kiarabu na Kiswahili pamoja, na ile ya Ali Muhsin al-Barwani ikafuata mwaka 1995. Vyuo vingi, hata hivyo, humfikisha mtoto kwenye kuhitimu bila kumfungulia tafsiri. Mahali pa kuanzia ni Fatiha. Ina aya 7, na katika sala tano za faradhi husomwa mara 17 kwa siku. Mwalimu anaweza kuieleza yote kwa Kishambaa kati ya magharibi na isha.