Kijiti, kivuli na likizo ya Juni: Mtoto anavyoweza kuupima mzingo wa dunia

SHULE zinapofungwa katikati ya mwaka nchini Tanzania, wazazi wengi wa mijini hurudiwa na swali lile lile: mtoto atashinda akifanya nini? Wapo wanaomrudisha darasani kwa masomo ya ziada, na wapo wanaomwachia televisheni. Lipo jambo la tatu, ambalo halina ada: kuupima mzingo wa dunia kwa kijiti cha mita moja, rula, na ndugu mwenye simu aliyeko mji mwingine.

Jambo lenyewe si geni. Yapata mwaka 240 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, alipata habari kwamba huko kusini, katika mji wa Syene ambao leo ni Aswan, jua la adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote humulika hadi chini kabisa ya kisima. Alexandria, siku hiyo hiyo, vitu vilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli hicho, akaiona ni sehemu moja ya 50 ya duara. Basi umbali kati ya miji hiyo miwili nao ni sehemu moja ya 50 ya mzingo wa dunia. Watazamaji wa kipindi cha televisheni cha Cosmos, kilichorushwa mwaka 1980, watakumbuka Carl Sagan akilieleza jambo hili kwa kadibodi iliyokunjwa.

Kwetu sisi, miji ya Dar es Salaam na Nairobi yatosha. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na Juni 21, ili hata mtoto wa Nairobi ambaye shule yake haijafungwa aweze kushiriki. Kila upande usimamishe kijiti wima kabisa mahali tambarare (uzi wenye jiwe utaonyesha kama kimeinama), kisha mtoto atie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachotafutwa. Na mtoto aonywe mapema: kinachotazamwa ni kivuli, kamwe si jua.

Hapa ndipo ubishi wa kwanza utakapozuka nyumbani. Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na wengi tunaamini kwamba saa sita mchana jua liko utosini. Kijiti kitakataa. Kivuli kifupi zaidi Dar es Salaam kitaonekana kama saa 6:25, na Nairobi kama saa 6:35, kwa sababu saa rasmi ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu, mashariki ya miji yote miwili. Isitoshe, hata wakati huo jua haliko utosini. Mwezi Juni liko upande wa kaskazini, na kivuli huelekea kusini.

Wakazi wa mwambao wana elimu hii tangu zamani. Sala ya adhuhuri huingia jua linapopinduka. Na kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri.

Turudi kwenye hesabu. Kijiti cha mita moja kitatoa kivuli cha sentimeta 58 hivi Dar es Salaam, na 46 hivi Nairobi. Mtoto achore kila pembetatu kwenye karatasi, sentimeta moja badala ya kumi, kisha apime kwa kipimapembe ile pembe ya juu ya kijiti. Atapata karibu nyuzi 30 na karibu nyuzi 25. Akipima kwa uangalifu, tofauti ni kama nyuzi 5.5. Kwa kuwa miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, tofauti hiyo haiwezi kutokana na jua. Inatokana na kupinda kwa ardhi.

Umbali usichukuliwe kwa barabara, ambayo huzunguka kupitia Moshi na Arusha. Upimwe kwenye ramani, kaskazini hadi kusini tu: ni kama kilometa 610. Gawanya 360 kwa 5.5, zidisha kwa 610, utapata karibu kilometa 40,000. Mzingo halisi unaopita kwenye ncha za dunia ni kilometa 40,008.

Mtoto wako huenda asipate hivyo. Jua si nukta, hivyo ukingo wa kivuli hufifia, na kosa la nusu nyuzi tu litampeleka kwenye 36,600 au karibu 44,000. Asifute namba yake ili alingane na kitabu. Arudie kesho yake, kisha apatanishe majibu yote. Kwa maoni yangu, hilo lina faida kuliko jibu lenyewe.

Desemba, wakati wa likizo ndefu, warudie tena. Kivuli cha Dar es Salaam kitakuwa sentimeta 30 hivi, kikielekea kaskazini, na safari hii cha Nairobi ndicho kitakachokuwa kirefu zaidi, sentimeta 41 hivi. Mzazi asimwambie mapema. Na karibu na Machi 3 na Oktoba 10, kijiti cha Dar es Salaam hakitakuwa na kivuli adhuhuri.