Alama za Rushwa Zinatoka Wapi?

Alama za rushwa za mwaka 2024 zilitangazwa Februari 2025. Tanzania ilipata 41 kwa 100, Kenya 32, Rwanda 57, Uganda 26, Burundi 17. Denmark iliongoza nchi 180 kwa alama 90, na Sudan Kusini ikashika mkia kwa alama 8. Kadiri alama inavyokuwa kubwa ndivyo utumishi wa umma unavyohesabiwa kuwa safi. Kila mwaka orodha hii ikitoka, serikali iliyopanda hujipongeza na iliyoshuka hulalamika kuwa imeonewa. Lakini anayetoa rushwa hapewi risiti, na anayepokea haandiki popote. Sasa hiyo 41 imepatikanaje?

Chimbuko la orodha hii liko kwa sehemu Nairobi. Mjerumani Peter Eigen aliongoza ofisi ya Benki ya Dunia ya Afrika Mashariki jijini humo, akashuhudia miradi mikubwa isiyo na faida kwa wananchi ikipitishwa kwa sababu kuna watu wamekula. Aliacha kazi, na mwaka 1993 yeye na wenzake, akiwamo Mkenya Joe Githongo, wakaanzisha shirika la Transparency International, makao yake Berlin. Orodha ya kwanza ya shirika hilo ilitengenezwa na mchumi Johann Graf Lambsdorff mwaka 1995. Ilikuwa na nchi 41 tu: New Zealand kileleni, Indonesia mwishoni. Mwaka uliofuata Kenya ilikuwa ya 52 kati ya nchi 54.

Hakuna mtu anayetumwa kwenda kuhesabu hongo. Shirika hukusanya tathmini 13 zilizokwisha kufanywa na taasisi 12 nyingine, zikiwamo Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia na World Justice Project. Wanaotoa majibu ni wachambuzi wanaofuatilia nchi husika, pamoja na wafanyabiashara. Wanaulizwa kama viongozi hutumia vyeo kujinufaisha, kama fedha za umma huchepushwa, kama mla rushwa akikamatwa hufikishwa mahakamani kweli. Kila taasisi ina kipimo chake: Benki ya Dunia hutumia 1 hadi 6, World Justice Project 0 hadi 1. Vyote hubadilishwa viwe kwenye kipimo kimoja cha 0 hadi 100, kisha hutafutwa wastani. Nchi yenye vyanzo pungufu ya vitatu haiorodheshwi.

Kwa hiyo 41 ni maoni. Ni maoni ya watu wenye ujuzi, lakini ni maoni. Shirika lenyewe huchapisha kiwango cha makosa pembeni ya kila alama. Tanzania ilikuwa na 40 mwaka 2023. Hiyo alama moja iliyoongezeka haitoshi kujengea hotuba. Cha kutazama ni safari ndefu, kutoka 30 mwaka 2015 hadi 41. Na anayelinganisha alama za leo na za kabla ya 2012 anakosea kabisa, maana mwaka huo ndipo hesabu ilipobadilishwa. Kabla ya hapo alama zilikuwa 0 hadi 10.

Je, maoni hayo yanagusa ukweli? Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walipata njia nzuri ya kupima. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York walikuwa na kinga: wakiegesha gari pasiporuhusiwa waliandikiwa faini, lakini hakuna aliyeweza kuwalazimisha kulipa. Kati ya 1997 na 2002 walilimbikiza faini zaidi ya 150,000 zisizolipwa. Wanadiplomasia wa Sweden na Norway hawakudaiwa hata moja. Wa nchi zenye sifa mbaya ya rushwa ndio waliodaiwa zaidi kwa ujumla, na ilikuwa hivyo hata wakiwa mbali na kwao, kwenye barabara zilezile wanazotumia wenzao. Alama zile basi hazikutungwa hewani.

Ila Indonesia ilitoa jibu la kututahadharisha. Mchumi Benjamin Olken alifuatilia barabara za vijijini katika vijiji zaidi ya 600 vya kisiwa cha Java. Wahandisi walichimba mashimo kwenye barabara zilizokamilika ili kukadiria mawe, mchanga na kokoto vilivyomo. Waliulizia bei kwa wauzaji wa pale pale na ujira kwa wanakijiji waliofanya kazi. Walijenga hata vipande vya barabara za majaribio, wajue ni kiasi gani cha vifaa hupotea bila mtu kuiba. Hesabu zilipolinganishwa na vitabu vya mradi, wastani wa asilimia 24 ya fedha haukuonekana. Kisha wanakijiji wakaulizwa kama kuna wizi. Maoni yao yalifuata ukweli kwa mbali mno. Bei ikipandishwa waliigundua, kwa kuwa kila mtu anaijua bei ya mchanga. Lakini mawe yaliyoandikwa na hayakuletwa, nani atayahesabu yakiwa chini ya ardhi? Na wakubwa walilijua hilo, kwa hiyo waliiba zaidi kwenye idadi kuliko kwenye bei. Ikiwa anayepita kwenye barabara kila siku anadanganyika hivyo, mchambuzi aliyeko ng'ambo ataona nini?

Kuna kasoro nyingine inayoniuma zaidi. Alama huangalia utumishi wa umma wa nchi moja moja, ilhali fedha chafu huvuka mipaka. Tanzania iliuziwa rada ya kijeshi na kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kwamba haikuweka kumbukumbu sahihi za malipo ya biashara hiyo, na baadaye ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5, fedha zilizokwenda kwenye vitabu na madawati ya shule. Katika orodha ya mwaka huo huo wa 2010 Uingereza ilikuwa na 7.6 na Tanzania 2.7. Anayeuza na anayenunua walikuwa kwenye dili moja, lakini alama zao zilitofautiana karibu mara tatu.

Inapowezekana, ni bora kuifuata fedha yenyewe. Uganda walifanya hivyo katikati ya miaka ya 1990. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walichukua kiasi kilichotoka hazina kwa ajili ya shule za msingi wakakilinganisha na kilichoandikwa kwenye daftari za shule. Kati ya 1991 na 1995, shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyokusudiwa kwa kila mwanafunzi. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika taarifa ukutani ili wazazi waisome. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha zilikuwa zikifika. Mwaka huo huo wa 2001, orodha ya Berlin iliipa Uganda 1.9 kwa 10, nafasi ya 88 kati ya nchi 91.