Bustani ya maji kwenye keja yako Garissa? Poa, lakini usifuge mbu

Umeziona picha hizo kwenye simu. Chumba kidogo cheupe, dirisha kubwa, majani yanateremka kutoka kwenye rafu, na pembeni kuna beseni la maji lenye yungiyungi limechanua. Halafu unainua macho, na uko kwenye keja yako ya chumba kimoja Bulla Iftin au karibu na Soko Mugdi: mabati juu, feni inazungusha hewa moto, na mlangoni mbuzi wa jirani anangoja chochote cha kijani kijitokeze.

Hii haimaanishi kwamba kijani si chetu. Ila picha nyingi zilipigwa mahali mvua inanyesha na maji hayakatiki mferejini. Hapa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300 hivi, joto la mchana linapita nyuzi 35 miezi mingi, na mtu wa mkokoteni wa punda bado ndiye anayeletea wengi wetu maji. Kwa hivyo kabla hujanunua hata chungu kimoja, jiulize mambo mawili: maji yatatoka wapi, na mbu watalala wapi?

Chagua mimea inayolijua jua la hapa

Usianze na mimea ya nchi za ukungu. Itakufa kwa wiki mbili na utaanza kusema huna mkono wa mimea. Anza na mshubiri, ambao unahifadhi maji yake ndani ya majani. Ongeza sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama wima kama panga, ambayo inaota yenyewe porini katika maeneo kame ya Afrika Mashariki. Hizi mbili ukizisahau siku kumi hazitalalamika.

Kama unataka maua, kuna waridi la jangwani, lile la shina nene lililovimba chini na maua ya waridi. Linamea mwituni huku kwetu kaskazini na linapenda jua kali. Lakini utomvu wake ni sumu, na tangu zamani umetumika kwenye mishale ya wawindaji. Liweke juu, mbali na watoto na mbuzi. Pothosi, ule mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, unafaa ndani ambako jua halifiki moja kwa moja. Nao pia usitafunwe. Kwenye kizingiti weka rehani na mnanaa: harufu nzuri jioni, na chai yako inapata ladha bila kwenda sokoni.

Chombo hakihitaji pesa. Debe la mafuta ya kupikia au mtungi uliopasuka unatosha, bora utoboe matundu chini. Changanya sehemu mbili za mchanga, moja ya udongo na moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Kwa mshubiri punguza samadi. Plastiki nyeusi inapika mizizi, hivyo ipake rangi nyeupe au ivishe gunia. Usiegemeze chungu kwenye ukuta wa mabati. Acha nafasi ya kiganja. Na kama ploti yenu ina mwarobaini, kivuli chake ni mali: weka vyungu upande unaopata jua la asubuhi na kufichwa saa saba.

Maji ya pili, si ya kwanza

Huku watu walishajua kulima bila shamba. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, familia zimepanda mboga kwenye magunia yaliyosimama, yenye nguzo ya mawe katikati ili maji yashuke hadi chini, na miche ikatokeza kwenye matundu ya ubavuni. Maji yake mara nyingi ni yale yaliyokwisha kutumika nyumbani.

Fanya vivyo hivyo. Kama unaswali, unatawadha mara kadhaa kwa siku, na maji ya udhu hayana sabuni. Tawadhia juu ya karai badala ya kuyaacha yapotelee kwenye mchanga, na vyungu vitano vidogo vitakuwa vimepata riziki yao. Ongeza maji ya kuoshea mchele na mboga. Yale ya vyombo yenye sabuni kidogo tumia mara mojamoja tu, na yenye dawa ya kung'arisha nguo usimwagie kabisa. Mwagilia baada ya alfajiri au magharibi. Ukimwagilia saa sita unamnywesha jua.

Sasa lile beseni la yungiyungi

Tufanye hesabu. Hewa ya Garissa inaweza kunywa milimita sita au saba za maji kwa siku. Pipa la lita 200 ukilikata nusu, mdomo wake una upana wa zaidi ya nusu mita kidogo, kwa hivyo utapoteza kama lita moja na nusu kila siku. Hiyo ni mtungi mmoja wa lita 20 kila wiki mbili, wa kujazia tu. Ukiona unaumudu, endelea. Ukiona ni mtungi wa chakula, baki na mshubiri, na hakuna mtu atakucheka.

Lakini bei kubwa zaidi ni mbu. Mwaka 2011 Mandera ilipigwa na homa ya dengi, na 2016 ikapigwa na chikungunya. Zote mbili hubebwa na mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji tuliyohifadhi wenyewe nyumbani. Halafu mwishoni mwa 2022, watafiti walinasa kwa mara ya kwanza nchini mbu aitwaye Anopheles stephensi huko Laisamis na Saku, kaunti ya Marsabit. Asili yake ni Asia na Uarabuni, na alionekana Djibouti mapema 2012. Tumezoea kufikiri malaria ni ya vidimbwi na msimu wa mvua. Huyu anazaliana kwenye matangi na mapipa ya mjini, hata wakati wa kiangazi. Kwa maneno mengine, mapambo yako ndiyo nyumba anayoitafuta, na atakayelazwa anaweza kuwa mtoto wa chumba cha pili.

Dawa iko, na ina historia upande wetu huu wa dunia. Miaka ya 1980 kaskazini mwa Somalia, watafiti walitia samaki wa jamii ya tilapia, Oreochromis spilurus, kwenye mabirika ya kuhifadhia maji, yale tunayoita barkad, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki huyo ni mwenyeji wa mto Tana wetu. Kwa nusu pipa, wadogo wawili au watatu wanatosha. Weka changarawe chini, yungiyungi ndani ya debe lenye tope, na pipa lipate jua la asubuhi na kivuli mchana, maana maji yakichemka samaki anakufa na mbu anarudi. Samaki akishakuwa mkubwa, mpe mtu mwenye kidimbwi cha kufugia.

Juu yake funga wavu wa waya. Utazuia wale makorongo wa Garissa wasiokosa mlo popote, na muhimu zaidi, utamzuia mtoto mdogo. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Na gugumaji usilete, hata kama ua lake ni zuri. Waulize watu wa Ziwa Victoria.

Huna nafasi ya pipa? Chupa ya kioo yenye vijiti vya pothosi mezani inapendeza vilevile. Ila hapa hakuna samaki, hivyo kazi ni yako. Kwenye joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa kama wiki moja. Chagua siku mbili ambazo hutazisahau. Mimi ningesema Jumatatu na Alhamisi, siku za funga ya sunna. Mwaga maji yote kwenye chungu kingine, kisha sugua kuta za chupa, kwa sababu mayai ya Aedes hubandika ukutani na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji.

Siku hizohizo pita ploti nzima: sahani chini ya vyungu, tairi kuukuu, kopo nyuma ya choo. Pipa la maji ya kunywa lifunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Sahani za vyungu jaza mchanga, na hilo limeisha.

Na ukija ukame kama ule wa kati ya 2020 na 2022, misimu ya mvua ikikosekana mfululizo, vunja bustani ya maji mapema. Usijazie ua wakati jirani yuko kwenye foleni na mtungi mtupu. Yungiyungi halitakulaumu. Yale ya madimbwi yetu ya msimu hulala kama kiazi ndani ya tope hadi mvua irudi. Funika debe lako la tope, liweke kivulini, linyunyizie tone mojamoja la maji ya udhu, na usubiri.