Mashini ya tansiyo ya kupimia nyumbani: angalia brasari mbele ya bei

Muuguzi anayetembelea wagonjwa nyumbani anabeba vitu vichache ndani ya sakosi: kaye, glavu, dawa fulani na mashini ya kupima tansiyo. Namba inayotoka kwa mashini hiyo inaamua mambo makubwa. Inaweza kufanya muzee aongezewe dawa, ao asafirishwe hospitali usiku. Mashini ikidanganya kwa juu, jamaa inanunua vidonge bila sababu. Ikidanganya kwa chini, watu wanalala na amani, kumbe mugonjwa anaelekea kupooza.

Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, mashini hizi zinauzishwa kwenye famasi na hata sokoni. Nyingi zinafanana, na mutu anachagua kwa bei ao kwa ukubwa wa skrini. Lakini kitu cha kwanza cha kuangalia ni brasari, ule mukanda unaofungwa kwenye mukono.

Ndani ya brasari kuna mufuko wa hewa, unaopaswa kuzunguka karibu 80% ya mukono. Brasari ikiwa ndogo kwa mutu munene, namba inapanda. Ikiwa kubwa kwa mutu mwembamba, namba inashuka. Utafiti wa Marekani uliotoka 2023 ulionyesha kwamba watu waliohitaji brasari kubwa kuliko zote, walipopimwa na ile ya kawaida, namba ya juu ilizidi kwa karibu 20. Ni kusema, mutu wa 125 anaonekana kuwa na 145, na anaanzishiwa dawa.

Brasari inayokuja na mashini nyingi ni ya mukono wa sentimita 22 mpaka 32. Lakini muuguzi anaweza kupita kwa mama munene asubuhi, kisha kwa muzee aliyebakia mifupa. Brasari moja haitoshi. Inafaa kuuliza muuzaji kama brasari ingine ya mashini ileile inapatikana, kwani ya aina ingine haifai, hata kama mupira unaingia. Metre ya mushonaji inapima mukono katikati ya bega na kiwiko. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ni sakosi ngapi ziko nayo?

Kisha, aina ya mashini. Ile ya mushale, inayopompwa na kusikilizwa kwa stetoskopi, haiombi pile. Inasaidia pia kwa mutu ambaye moyo wake unapiga bila mupango, maana kwa huyo otomatiki inaweza kukosea. Lakini ikianguka kwa pikipiki, mushale unaweza kuhama bila mutu kujua, ndiyo sababu inapaswa kuhakikishwa kila miezi 6. Na jenereta ya jirani ikinguruma, kusikia vizuri ni kazi. Kwa matembezi ya nyumbani, otomatiki ya mukono wa juu ni rahisi zaidi. Ile ya kufunga kwenye kifundo cha mukono, afazali kuiacha: inakosea haraka mukono usipokuwa sawa na moyo.

Jina la kampuni peke yake halitoshi. Kuna modeli ambazo hazikujaribiwa na watafiti hata kidogo. Kwenye intaneti, STRIDE BP inatoa bure orodha ya modeli zilizojaribiwa. Andika jina kamili lililo kwenye kartoni, kisha ulitafute mule. Kwa mama wenye mimba, ulizia modeli iliyojaribiwa kwao. Microlife CRADLE VSA ni moja: inapompwa kwa mukono, inachajiwa kama telefone, na taa yake ya kijani, manjano ao nyekundu inaonyesha hatari. Pahali umeme unaenda na kurudi, hilo si jambo ndogo.

Namba nazo zinachanganya watu. Waganga wetu wanasema «14 kwa 9», mashini inaandika 140/90. Ni kitu kimoja. Lakini kwa vipimo vya nyumbani, tansiyo inahesabiwa kuwa juu kuanzia 135/85, si kwa kipimo kimoja, ni kwa vipimo vya siku kadhaa.

Hata mashini nzuri itadanganya kama mugonjwa ametoka kupanda mulima wa Kadutu akapimwa palepale. Akae dakika 5, mugongo umeegemea, miguu chini, mukono wazi juu ya meza, bila kuongea. Apimwe mara 2, na dakika 1 katikati. Mara ya kwanza kabisa, apimwe mikono yote miwili, kisha mukono wenye namba ya juu ndio utumiwe siku zingine. Na mbele ya kuanza kutembea na mashini mupya, muuguzi aipeleke kituo cha afya, apime mutu mumoja na mashini zote mbili, moja kisha ingine. Zikipishana sana mara kwa mara, arudishe kwa muuzaji, na fakitire iwe bado mufukoni.