Unataka tela la kubebea pikipiki? Anza na gari litakalolivuta

Kwa wakazi wengi wa Itumba na vijiji vya Ileje, pikipiki ni mali ya familia nzima. Ndiyo inayolipa ada ya watoto, ndiyo inayombeba mgonjwa usiku, ndiyo inayoshusha kahawa na maharage kutoka mashambani. Siku injini inapogoma huko Ibaba au Kafule, au siku pikipiki mpya inaponunuliwa Tunduma na inatakiwa kufikishwa nyumbani, swali huwa moja: itabebwa na nini?

Wengi hutegemea Fuso au pikapu ya kukodi. Lakini barabara ya Mpemba hadi Isongole, yenye kilometa 50.3, sasa ina lami, na gari dogo linapanda Ileje bila shida. Ndiyo maana wapo mafundi pikipiki na wafanyabiashara wanaojiuliza kama inafaa kununua, au kuchongesha kwa fundi, tela dogo la kuvutwa nyuma ya gari. Katika makala haya tunaeleza mambo ya kuangalia kabla hujatoa fedha. Kubwa kuliko yote ni hili: usichague tela kwa kuuliza kama gari lako litaweza kupanda nalo mlima. Uliza kama litaweza kusimama nalo kwenye mteremko.

Je, unalihitaji kweli?

Hesabu safari zako za mwaka. Kama unabeba pikipiki mara mbili au tatu tu, kukodi kirikuu ni nafuu kuliko kumiliki tela. Tela linahitaji tairi, grisi, bima na mahali pa kulilaza, hata likikaa miezi sita bila kazi.

Kwa fundi anayefuata pikipiki mbovu vijijini kila wiki, hesabu ni nyingine. Tela lina faida ambayo pikapu haina: sakafu yake iko chini. Pikipiki inapandishwa kwa ubao na watu wawili, badala ya kunyanyuliwa na watu wanne hadi usawa wa kifua. Na likiwa na sakafu bapa, siku nyingine litabeba mbolea au mahindi.

Soma uwezo wa gari

Pikipiki nyingi za bodaboda, zile za CC 125 na 150, zina uzito wa kilo 110 hadi 130. Tela dogo la chuma linaweza kuwa na kilo 200 likiwa tupu, na lililochomelewa kwa vyuma vinene huzidi hapo. Kwa hiyo pikipiki moja juu ya tela ni zaidi ya kilo 300, na mbili ni kama kilo 440.

Kitabu cha gari kutoka kiwandani huonyesha uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Mara nyingi kuna namba mbili: ya tela lenye breki zake na ya tela lisilo na breki. Kama tela lako halina breki, namba yako ni ile ndogo. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huja na kitabu cha Kijapani au bila kitabu kabisa, hivyo tafuta taarifa za modeli yako kabla ya kumwendea fundi. Yapo magari madogo ambayo watengenezaji wake wamesema wazi kwamba hayakuundwa kuvuta kitu. Gari la namna hiyo usiliwekee chuma cha kuvutia, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba litaweza.

Gari la otomatiki lina tahadhari yake. Mzigo kwenye mlima mrefu hupasha moto mafuta ya gia boksi, na gia boksi inaweza kuumia kabla injini haijaonyesha dalili yoyote.

Mteremko ndio mtihani

Tuchukue gari la kilo 1,100 linalovuta kilo 440 zisizo na breki. Breki zilezile za gari sasa zinasimamisha uzito ulioongezeka kwa asilimia 40. Mwendo nao una hesabu yake: ukitoka kilometa 40 kwa saa hadi 80, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto hadi zinaacha kushika, huku tela likiendelea kulisukuma gari kutoka nyuma. Ukiwa kwenye kona, msukumo huo unaweza kutupa mkia wa gari pembeni.

Ulaya, tela ambalo uzito wake wa jumla unazidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Usiichukue namba hiyo kama ruhusa ya kufika kilo 750 kwa gari lolote. Kwa gari dogo kikomo huwa chini zaidi. Kwa milima ya Ileje ushauri wetu ni huu: pikipiki moja kwa gari dogo, na ukitaka kubeba mbili mara kwa mara, tafuta tela lenye breki. Zipo breki zinazofanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linasogea mbele kidogo, na msukumo huo unavuta waya wa breki za magurudumu yake. Hazihitaji umeme.

Dereva naye ana sehemu yake. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko, ili injini isaidie kushika mwendo.

Uzito ukae wapi?

Ajali nyingi za tela huanza kwa kuyumba: tela linacheza kushoto na kulia, kila mara zaidi, mpana kuliko mara iliyotangulia. Sababu ya kawaida ni mzigo kukaa nyuma mno. Kanuni inayotumika ni kwamba takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo ikandamize kwenye shingo, pale tela linaposhikana na gari. Tela la kilo 320 likandamize kama kilo 32. Ikipungua sana, tela litayumba. Ikizidi sana, mkia wa gari unazama, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza nguvu.

Kupima ni rahisi. Pakia pikipiki, weka tela usawa, kisha egemeza shingo yake juu ya mizani ya kupimia mazao. Kama namba haijakaa sawa, sogeza pikipiki mbele au nyuma. Kwa tela ambalo umbali kutoka shingo hadi ekseli ni meta 2.5, kusogeza pikipiki ya kilo 120 kwa sentimeta 20 tu hubadili uzito wa shingo kwa karibu kilo 10. Ukishapata mahali sahihi, mwambie fundi achomelee hapo kishikio cha gurudumu la mbele.

Likianza kuyumba barabarani, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze moto. Achia mafuta, shika usukani uwe umenyooka, gari lipunguze mwendo lenyewe.

Chuma, tairi na kiungo

Kama unachongesha tela, taka shingo iwe ya chuma kimoja kinachoanzia chini ya sakafu, si vipande viwili vilivyoungwa katikati. Shingo ndefu hutulia kuliko fupi. Kama unanunua lililotumika, angalia nyufa na kutu kwenye maungio, kisha inua kila gurudumu na ulizungushe. Likikwaruza au kucheza, beringi zimekwisha.

Tairi ndogo sana zinapendeza kwa bei, lakini huzunguka haraka zaidi, hupasha moto beringi na hutumbukia kwenye kila shimo ukiacha lami. Chagua ringi zinazolingana na za gari lako, zenye matundu yaleyale ya bolti. Hapo spea tairi moja inatosha vyombo viwili.

Kichwa cha duara kilichopo kwenye gari lazima kilingane na kikombe cha tela. Kipo cha milimeta 50, na kipo kidogo zaidi cha karibu milimeta 48. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kinaweza kuchomoka kwenye tuta. Na hata vikilingana, funga mnyororo wa akiba kati ya gari na tela.

Kufunga pikipiki

Mpira wa tyubu unaofaa kufungia kreti nyuma ya bodaboda haufai hapa, kwa sababu unavutika. Tumia mikanda minne ya kukaza: miwili kutoka mbele ya pikipiki ikivuta chini na mbele, kulia na kushoto, na miwili nyuma. Kaza hadi shokapu za mbele zishuke kiasi, bila kuzifikisha mwisho. Kunja stendi ya pembeni na ufunge koki ya petroli. Simama baada ya kilometa tano au kumi ukague mikanda, maana hulegea mwanzoni mwa safari.

Na kamwe usimweke utingo kwenye tela aishike pikipiki. Kama inahitaji mtu wa kuishika, haijafungwa.

Makaratasi

Tela husajiliwa kivyake na kupewa namba yake, kwa hiyo unaponunua lililotumika dai kadi yake. Iulize kampuni yako ya bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inagusa tela na mzigo uliomo. Taa za nyuma, za breki na indiketa za tela lazima ziwake pamoja na za gari. Beba pia kadi ya pikipiki unayoisafirisha. Tuko kati ya mipaka miwili, Tunduma na Isongole, na pikipiki isiyo na kadi juu ya tela itakusimamisha kwa maswali.

Kabla ya kulipa, omba majaribio. Pakia pikipiki, nenda mahali pasipo na watu wala magari, tembea kilometa 30 kwa saa na ukanyage breki. Kisha rudia kwenye mteremko mfupi. Ukihisi tela linalisukuma gari, umepata jibu lako, hata kama bei ni nzuri.