Mpango wa Kawi wa Kaunti Unahusu Vipi Stima ya Nyumbani Kwako?

Stima ikipotea saa moja jioni, mwenye duka huanza kuhesabu maziwa yatakayoharibika, naye muuguzi wa zahanati hukagua kipimajoto cha friji ya chanjo. Katika mabaraza, wakazi huuliza: ikiwa nchi yetu ina mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na mabwawa ya Mto Tana, mbona stima hukatika na bei iko juu? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mipango.

Nani hufanya nini?

Sera ya kawi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kupanga maendeleo yao, ikiwemo usambazaji wa stima na gesi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Mipango hiyo huunganishwa kuwa mpango mmoja wa kitaifa, unaopitiwa upya kila baada ya miaka 3.

KenGen na kampuni za kibinafsi huzalisha stima. KETRACO hujenga njia kuu za kuisafirisha, Kenya Power huisambaza na kuiuza, REREC huipeleka vijijini, nayo EPRA huidhinisha bei.

Mpango ukikosea, nani hulipa?

Hulipa mwananchi. Matumizi hupanda jioni, watu wanaporudi nyumbani, wakati ambao jua limeshatua na paneli za sola hazizalishi. Mitambo mingine isipotosha, stima hukatwa kwa zamu au mitambo ya mafuta huwashwa. Bei ya mafuta hayo huongezwa kwenye tokeni yako.

Mitambo ikizidi mahitaji, pia kuna hasara. Mikataba mingi humlipa mzalishaji kwa kuweka mtambo wake tayari, hata kama stima yake haikutumika. Gharama hiyo nayo huingia katika bei.

Tena, stima inaweza kuwa tele nchini na isikufikie. Transfoma iliyowekwa kuhudumia nyumba 20 huzidiwa nyumba zikifika 60, na mashine ya kusaga na ya kuchomelea zikiongezwa juu yake. Ndiyo maana mpango mzuri huanza kwa kuhesabu mahitaji ya kweli, kijiji kwa kijiji.

Useme nini katika kikao cha wadi?

Kusema "tunataka stima" hakutoshi. Eleza mambo haya:

- Ni nyumba, shule, zahanati na biashara ngapi zinazohitaji stima, na ngapi tayari zimeunganishwa.
- Stima hukatika saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, na hasara yake ni nini.
- Ni shughuli zipi zitaanza stima ikipatikana, kama vile kupoza maziwa au kupampu maji.
- Familia hupikia nini: kuni, makaa, gesi au stima. Mpango wa kawi hauhusu taa pekee.

Kwa vijiji vilivyo mbali na nyaya za kitaifa, mtambo mdogo wa sola wa kijiji unaweza kugharimu kidogo kuliko kilomita nyingi za nguzo. Uamuzi huo pia hutegemea hesabu za wakazi.

Unachoweza kufanya sasa

Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 30 kwa mwezi hulipia kiwango cha chini cha bei. Matumizi huhesabiwa kwa wastani wa miezi 3, kwa hivyo mwezi mmoja wa matumizi makubwa unaweza kukupandisha. Piga pasi na upashe maji moto mchana inapowezekana, ili kupunguza mzigo wa jioni. Usipande miti chini ya nyaya. Ukiona waya ulioanguka, kaa mbali, wazuie watoto, na upige simu Kenya Power kwa nambari 97771.

Tangazo la kikao cha maoni likitolewa katika wadi yako, fika na hesabu zako. Hitaji ambalo halikuandikwa katika mpango ni vigumu kulitengea bajeti.